MAZUNGUMZO: KUHIFADHI NA KUKATIA BIMA KAMERA ZA THAMANI KATIKA SAFARI ZA NDEGE

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa habari, wapiga picha na wananchi wanaosafiri kikazi kwenda Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoani Kagera. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya watumishi na wananchi wote wa Unguja na Pemba.)

Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa sura yake ya nje ni dogo, lakini limekwisha kuwatia watu wengi hasarani: namna ya kuilinda kamera na vifaa vyake unapopanda ndege, na namna ya kuikatia bima ili ikipotea isiondoke na riziki yako. Baadhi yenu mnabeba mali ya Serikali, ambayo mmeitia saini katika daftari la ofisi na ambayo mtaulizwa. Wengine ni vijana waliojinunulia kamera kwa mkopo, wanaopiga picha za harusi na mikutano, na ambao kifaa hicho kimoja ndicho duka lao na ndicho shamba lao. Makundi yote mawili yana haja ya elimu hii hii.

Nimechagua safari ya Ngara na Biharamulo kuwa mfano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, ni safari ndefu kutoka visiwani: ina ndege zaidi ya moja, ina barabara, na kwa baadhi ya watu ina mpaka wa nchi. Pili, ni mahali ambapo dunia nzima ilifundishwa thamani ya picha.

1. NGARA MWAKA 1994

Wazee wenzangu wanakumbuka. Tarehe 28 Aprili, 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, na katika muda wa takriban saa 24 watu wapatao 250,000 walikuwa wameingia Wilaya ya Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza kuwa halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache, na baadaye zikafuata Lumasi, Lukole na nyinginezo. Wengi wa Wanyarwanda hao walirejea kwao mwezi wa Disemba 1996.

Wapiga picha na watangazaji walikwenda Ngara kutoka kila pembe ya dunia. Mmoja wao alikuwa Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki dunia mwaka 2025, ambaye picha zake za Benaco zimo katika kazi yake kubwa kuhusu watu waliohama makwao. Picha za wakati ule ziliwafanya watu wa mbali waamini, na walipoamini wakatoa msaada. Aidha, katika kambi za wakimbizi wa Rwanda picha zilitumika kuwatafutia jamaa zao watoto waliopotezana na wazazi: uso wa mtoto ulibandikwa ubaoni, na mama aliyepita akamtambua.

Ndugu Wananchi, nalitaja hili ili tuanze na msingi. Kamera inanunulika tena. Picha iliyomo ndani yake hainunuliki tena. Hakuna kampuni ya bima duniani itakayokurejeshea asubuhi ile ya Rusumo. Kwa hiyo ulinzi wa vifaa una sehemu mbili: kuilinda picha kwa akili yako mwenyewe, na kuilinda mali kwa mkataba wa bima. Anayechanganya mambo haya mawili hupoteza yote.

2. NJIA YENYEWE NA HATARI ZAKE

Msafiri wa kutoka Zanzibar huondoka Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Abeid Amani Karume, akabadilisha ndege Dar es Salaam, kisha akaruka hadi Mwanza au Bukoba. Kipo pia kiwanja cha Chato, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo na ambayo sasa imo katika Mkoa wa Geita. Kutoka hapo ni barabara. Anayeshukia Mwanza huvuka ghuba ya ziwa pale Kigongo na Busisi, ambapo tangu Juni 2025 pana daraja badala ya kungojea kivuko, akaelekea Biharamulo. Wa Ngara huendelea mpaka Rusumo au Ngara mjini. Wako pia wanaopita Kigali, Rwanda, na kuingia Ngara kwa daraja la Rusumo.

Hesabuni mikono ambayo mkoba wako unapita ukiukabidhi. Kuna wapakiaji wa Zanzibar, wapakuaji na wapakiaji wa Dar es Salaam, wapakuaji wa Mwanza, utingo wa gari, na mpokeaji wa nyumba ya wageni. Sisemi kwamba watu hawa ni wabaya. Walio wengi ni waaminifu na wanafanya kazi ngumu. Nasema kwamba kila mkono ni nafasi ya kuangusha, ya kusahau na ya kupotea. Na mahali pa hatari kuliko pote ni pale mzigo unapohamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine.

Ziko pia hatari zisizo na mkono. Barabara ya vumbi jekundu huingiza chembe katika pete za lenzi. Vyumba vyenye kiyoyozi hupoza kamera, na ikitoka ghafla katika joto la pwani au mvuke wa ziwani hupata umande ndani ya kioo. Dawa ya umande ni subira: iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo uufungue. Vipakiti vya kufyonza unyevu ni vya bei ndogo, nanyi msikose kuviweka.

3. MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kazi ya kwanza, kabla hata ya kununua tikiti, ni kuandika orodha. Kwa kila kifaa andika aina yake, namba ya utambulisho ya kiwandani, tarehe ya kununuliwa, bei, na mwenye mali. Piga picha kila kifaa na namba yake ionekane. Weka stakabadhi za ununuzi pamoja na orodha hiyo. Kisha toa nakala tatu: moja ibaki ofisini au nyumbani, moja iwe nawe mwilini na si ndani ya mkoba wa kamera, na moja jitumie kwa barua pepe ili uipate popote.

Orodha hii ina kazi nne. Kwa kampuni ya bima ni ushahidi wa thamani. Kwa polisi ni njia ya kukitambua kifaa kikipatikana. Kwa ofisi ya forodha ni uthibitisho kwamba mali hii ulitoka nayo na hukuinunua safarini. Na kwa mkuu wako wa kazi ni kinga ya heshima yako.

Anayepita Kigali aijali sana kazi hiyo ya tatu. Akivuka mpaka na vifaa vingi vya thamani, atangaze kwa maofisa wa forodha na apate hati ya kuingiza vifaa kwa muda, asije akadaiwa ushuru wa kamera yake mwenyewe wakati wa kurudi.

Kwa watumishi naongeza: kamera ya Serikali isiondoke bila maandishi ya ruhusa yanayotaja safari, tarehe na aliyekabidhiwa. Na aliyekabidhiwa asimwazime mwenziwe njiani kwa maneno matupu.

4. KUFUNGASHA

Kanuni ni moja: kamera, lenzi na kadi za kumbukumbu ziende nawe ndani ya ndege. Yanayoweza kukabidhiwa ni miguu ya kamera, nyaya, vishikilia taa na nguo.

Tatizo ni kwamba ndege nyingi za safari za ndani ni ndogo. Ndege za mapanga boi zina makabati finyu juu ya viti, na si ajabu mhudumu akautaka mkoba wako mlangoni ili uwekwe chini. Katika ndege ndogo kabisa, zile za injini moja ziendazo kwenye viwanja vya nyasi na changarawe, uzito unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15 kwa jumla, na mizigo hutakiwa iwe ya mifuko laini. Rubani akikataa mzigo wako anafanya hesabu ya usalama, naye hakuonei. Msibishane naye.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Pimeni mzigo nyumbani. Ulizeni shirika la ndege, kwa kila sehemu ya safari, vipimo vya mzigo wa mkononi, kwani ndege ya pili inaweza kuwa na masharti magumu kuliko ya kwanza. Mkoba uwe mdogo wa kutosha kuingia chini ya kiti. Ndani yake kila kifaa kiwe na kitanda chake cha sponji. Lenzi itenganishwe na kamera, kwani zikiwa zimeungana, kishindo kimoja huvunja mahali pa kuungia. Na mkoba wenyewe uwe wa kawaida, usio na jina kubwa la mtengenezaji kamera. Jina hilo humtangazia mwizi kilichomo ndani.

Wekeni pia mfuko mwembamba wa kitambaa ndani ya mkoba. Ikiwa mhudumu atauchukua mkoba mlangoni, toeni upesi kamera moja, lenzi moja, betri na kadi zote, mbaki nazo. Hivyo hata mkoba ukichelewa siku mbili, kazi itaanza.

Vifaa ambavyo hapana budi vikabidhiwe viwekwe katika sanduku gumu lenye kufuli na sponji nene. Piga picha sanduku likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa, mbele ya kaunta. Kipande cha lebo ya mzigo unachopewa ni stakabadhi yako. Kitunze pamoja na kadi ya kupandia ndege mpaka utakapokuwa umerudi nyumbani na kukagua kila kitu.

5. BETRI

Betri za lithiamu zinaweza kushika moto, na moto katika shehena ya ndege hauna wa kuuzima. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa zinaagiza kwamba betri za akiba, pamoja na pawabenki, zisikabidhiwe kabisa. Ziwe katika mzigo wa mkononi, na ncha zake zikingwe kwa utepe au kila moja iwe katika mfuko wake.

Kipimo kinachotumika ni wati-saa. Zidisha volti kwa ampia-saa. Betri ya kamera ya kawaida, volti 7.2 kwa ampia-saa 2, ina wati-saa zipatazo 14, haina taabu. Betri kubwa ya kamera ya televisheni, volti 14.4 kwa ampia-saa 6.6, ina wati-saa 95, nayo imo ndani ya kiwango cha kawaida cha 100. Zilizo kati ya 100 na 160 zahitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Zinazozidi 160 haziruhusiwi kwa abiria. Betri ambayo maandishi yake yamefutika inaweza kukataliwa, kwa kuwa ofisa hana namna ya kujua ukubwa wake.

Wenye ndege zisizo na rubani wafahamu kwamba nchini Tanzania chombo hicho kina kanuni zake tangu mwaka 2018, na kibali hutafutwa mapema kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anayetaka kupiga picha katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ahitaji pia idhini ya wenye hifadhi. Kifaa kilichozuiliwa kwa kukosa kibali kwa kawaida hakilipwi na bima.

6. EKSIREI

Kamera za siku hizi na kadi zake hazidhuriwi na mashine za eksirei za viwanjani. Filamu za zamani, ambazo bado wapo wanaozitumia, zinadhurika. Zisiwekwe kamwe katika mzigo wa kukabidhiwa, kwa kuwa mashine za huko zina nguvu zaidi. Zile zenye wepesi wa ISO 800 na kuendelea ziombewe kukaguliwa kwa mkono, zikiwa katika mfuko unaoonyesha ndani. Na panapotumika mashine mpya zinazopiga picha za pande zote, ombeni ukaguzi wa mkono kwa filamu yoyote ile. Mwombeni ofisa kwa adabu na mapema, wakati foleni ni fupi.

7. SHIRIKA LA NDEGE LINAWAJIBIKA KIASI GANI?

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Husema, "Mzigo ukipotea shirika litanilipa." Ni kweli, lakini litalipa kiasi gani?

Kwa safari za kimataifa uko Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Rwanda ni wanachama. Mkataba huo umeweka ukomo wa fidia ya mizigo kwa kila abiria. Tangu tarehe 28 Disemba, 2024, ukomo ni SDR 1,519. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni karibu Dola za Marekani 2,000. Hiyo ni kwa mizigo yote ya abiria mmoja, nguo na viatu pamoja na kamera. Wapo kati yenu wenye lenzi moja inayozidi hapo.

Mkataba umeacha mlango mmoja. Abiria anaweza, wakati wa kukabidhi mzigo, kutangaza thamani yake maalumu na kulipa nyongeza ikitakiwa. Ukomo ukapanda hadi kiasi alichotangaza. Wachache wanaujua mlango huu. Ulizeni kabla ya siku ya safari, msingoje kaunta yenye watu mia.

Kwa mzigo wa mkononi shirika huwajibika pale tu uharibifu unapotokana na kosa lake au la watumishi wake. Na masharti ya usafiri ya mashirika mengi yanamtaka abiria asiweke kamera na vitu vyepesi kuvunjika katika mzigo wa kukabidhi. Hata kama hoja yako ina nguvu kisheria, utaanza madai kwa mabishano.

Safari ya kutoka Zanzibar hadi Mwanza, ikiwa na tikiti yake peke yake, ni safari ya ndani ya Jamhuri ya Muungano. Hiyo hufuata kanuni za nchi na masharti yaliyo katika tikiti. Yasomeni masharti hayo. Mwenye malalamiko yasiyotatuliwa anaweza kuyafikisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambako liko pia baraza la watumiaji wa huduma hizo.

8. BIMA YENYEWE

Maadamu fidia ya shirika haitoshi, kinachobaki ni bima. Visiwani tuna Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, na zipo kampuni nyingine zilizosajiliwa. Msimamizi wa biashara hii ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kabla ya kutoa senti yako, hakikisha kuwa kampuni au wakala huyo ana leseni ya Mamlaka hiyo.

Msikubali kuambiwa tu kwamba "kamera ina bima." Yaulizeni mambo saba haya, na majibu yawe katika maandishi:

(a) Bima ni ya hatari zote, au ya moto na wizi wa kuvunja tu? Kuanguka na kuingia maji hakumo katika bima ya moto.

(b) Inafika wapi? Bima ya vifaa vya ofisini mara nyingi huishia katika mlango wa ofisi. Itajwe kwamba inafuata kifaa Tanzania Bara, na Rwanda au Burundi kama utavuka.

(c) Inahesabu kazi? Bima ya kawaida ya msafiri huwa na ukomo mdogo kwa kila kitu kimoja, na nyingi hazilipii vifaa vya kazi ya malipo.

(d) Je, kifaa kikiwa katika mzigo uliokabidhiwa kinalipiwa? Mikataba mingi inalipa kikiwa mkononi tu.

(e) Kikiibiwa ndani ya gari lisilo na mtu je? Swali hili ni la wanaosimama kula chakula Nyakanazi.

(f) Fidia ni bei ya kifaa kipya, au bei iliyopunguzwa kwa uchakavu?

(g) Kiasi gani cha kila hasara utakibeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa?

Kuna jambo la nane ambalo halijibiwi na kampuni bali na ninyi wenyewe: thamani ya kweli. Watu hupunguza thamani ili ada iwe ndogo. Sikilizeni hesabu hii, ambayo ni mfano tu. Vifaa vyako vina thamani ya shilingi 12,000,000. Umevitaja kuwa ni vya 6,000,000. Lenzi ya 3,000,000 imeibiwa. Unafikiri utalipwa 3,000,000, kwa kuwa haijazidi 6,000,000. La. Chini ya kanuni ya wastani, uliyekatia nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara: 1,500,000. Ukiwa na sharti la kubeba 300,000 mwenyewe, utapokea 1,200,000. Ulichokiokoa katika ada kimekuponyoka mara nyingi zaidi.

Ada ilipwe yote kabla ya safari, na hati iwe mkononi. Ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haimlindi mtu.

9. HASARA IKITOKEA

Kagua mizigo yako kabla ya kutoka katika ukumbi wa kuwasili, hata kama gari linapiga honi nje. Ukiona sanduku limevunjika au halikufika, nenda pale pale kwa ofisi ya shirika la ndege, ujaze fomu ya taarifa ya mzigo na upewe nakala. Kwa safari za kimataifa, malalamiko ya maandishi kwa uharibifu yasizidi siku 7 tangu kupokea mzigo, na kwa ucheleweshaji yasizidi siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Mzigo usiofika baada ya siku 21 unahesabiwa kuwa umepotea. Haki ya kushitaki hufa baada ya miaka 2.

Ukiwa ni wizi, toa taarifa polisi siku hiyo hiyo upate namba ya taarifa. Ijulishe kampuni ya bima mara moja, kwani mikataba huweka muda mfupi. Usikitupe kifaa kilichovunjika wala usikitengeneze kabla ya ruhusa yao. Kikiwa kimeingia maji, toa betri na wala usikiwashe kujaribu. Ukiona dai lako limekataliwa bila ya haki, upo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima Tanzania, ambaye kazi yake ni kuamua mambo kama hayo.

Na juu ya picha: kila jioni, iwe Biharamulo au Rulenge, nakili kazi ya siku katika vifaa viwili, na viwili hivyo visilale katika mkoba mmoja. Hii ndiyo bima pekee ya picha.

10. ROHO KWANZA

Ndugu zangu, nimelibakisha mwisho jambo lililo zito kuliko yote.

Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa inakaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Wavuvi walikuwa wa mwanzo kufika kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka, na 19 walifariki dunia. Mwenyezi Mungu awarehemu. Bukoba ndicho kiwanja ambacho baadhi yenu mtakitumia.

Tarehe 2 Januari, 2024, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikashika moto. Katika ile ndogo walikufa watu watano. Katika ile kubwa walikuwamo watu 379, na wote walitoka wakiwa hai, wakaiacha mizigo yao iungue. Mtu anayesimama kuvuta mkoba kabatini hujichelewesha mwenyewe, na huwafungia njia walio nyuma yake.

Hebu fikirini: ni nani atakayesita kuuacha mkoba? Ni yule ambaye mkoba huo ni mkopo wa miaka mitatu usio na bima. Ni mtumishi anayehofia kukatwa mshahara kwa kifaa kisichoandikwa popote. Hofu hiyo humshika mkono katika sekunde ambayo anapaswa kukimbia. Aliyeorodhesha mali yake, aliyelipa ada yake, na ambaye nakala za picha zake ziko mahali pengine, huinuka na kutoka mikono mitupu. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo faida kubwa ya bima kuliko hata fedha zake: inakupa uhuru wa kuiacha mali.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara mliopo hapa: msimpeleke mtumishi Kagera na kamera ya mamilioni bila ya hati ya bima, kisha mkamwambia "itunze kama roho yako." Kamera si roho. Katia bima kamera, umwachie mtumishi roho yake.

Safari njema kwa wanaokwenda Ngara na Biharamulo. Leteni picha nzuri za Maporomoko ya Rusumo, ambako mitambo ya umeme ya megawati 80 sasa inazihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi, mahali pale pale ambapo mwaka 1994 dunia iliona msiba. Leteni picha za boma la Wajerumani la Biharamulo. Nanyi wenyewe mrudi salama.